Tangazo Nililoliondoa Mara Tatu

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na ya wengine mtanihurumia bure, na huruma ya bure sina pa kuiweka. Niliiba. Sikuiba cha dukani wala cha mfukoni mwa mtu. Niliiba habari. Nilizuia tangazo la mistari kumi na miwili lisiwafikie watu mia nne na thelathini, kwa sababu mmoja wao nilikuwa nampenda na sikutaka aende mbali.

Mimi ni mhariri. Katika maktaba ya chuo chetu, ghorofa ya pili, mwisho wa korido, kuna mlango ulioandikwa Insia za Kidijitali. Wanafunzi wakipita hapo wanadhani tunatengeneza kompyuta. Hatutengenezi kitu. Tunachukua vya kale, barua za watu waliokwisha kufa, nyimbo zilizonaswa kwenye kanda, madaftari yaliyotafunwa na mchwa, tunaviingiza kwenye kompyuta ili aliye mbali naye asome. Na kila Jumatatu saa tatu asubuhi mimi hutuma jarida kwa barua pepe. Linaitwa Habari na Nafasi: nani amemaliza kunakili barua zipi, warsha iko wapi, ufadhili gani umefunguliwa, mafunzo yapi yanatafuta watu. Ni kurasa mbili tu, lakini wapo wanaolingoja kama mgonjwa anavyongoja majibu ya daktari.

Yeye alikuwa mpiga picha wa nyaraka. Kazini tulimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila aliyegusa karatasi kuukuu mbele yake. "Taratibu jamani, taratibu, huyu ana miaka mia." Karatasi aliiita "huyu". Alikuwa na mikono mipana ya mtu wa kubeba magunia, lakini akigeuza ukurasa uliokauka huwezi kusikia hata mchakacho. Mwaka mzima nilijifanya nina shida kwenye chumba chake cha kamera ili niitazame ile mikono. Mtu anayemgeuza karatasi hivi, nilijiambia, mimi ataniumiza vipi?

Nina miaka thelathini na minane. Yeye alikuwa na thelathini na mitano. Miaka hiyo mitatu iliyotutenganisha ilikuwa mali ya shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa mdogo. Kila nilipoingia kwake alinipima kwa macho toka bega hadi kifundo, kisha akauliza kwa sauti ya asali, "Na wewe, mama, mgongo unaendeleaje?" Mgongo wangu haujawahi kuuma hata siku moja.

Na kabla ya Taratibu alikuwepo mwingine. Huyo alipata ufadhili, akaenda kusoma miaka miwili, mimi nikamngoja minne. Habari za ndoa yake hakunipa yeye. Zilikuja kwenye meza yangu, ndani ya tangazo la warsha, kwenye wasifu wa mtoa mada: "anaishi huko na mke wake na watoto wao wawili." Nikasahihisha koma mbili, nikalipeleka jaridani. Tangu siku hiyo neno ufadhili likitajwa, mimi husikia mtu anafunga mizigo.

Sasa sikilizeni lilivyokuja lile tangazo. Mafunzo ya miaka miwili, ng'ambo, ya kupiga picha na kuhifadhi nyaraka za kale. Gharama zote juu yao. Shahada haihitajiki, mradi mtu awe na uzoefu wa mikono, na asiwe amezidi miaka thelathini na mitano siku ya kufunga maombi. Taratibu hakuwa na shahada. Miaka yote alikuwa akiachwa mlangoni kwa sababu ya karatasi moja hiyo. Na mwezi uliokuwa unafuata angetimiza thelathini na sita. Ilikuwa nafasi yake ya kwanza na ya mwisho.

Jumatatu ya kwanza nililiweka. Nikalisoma. Nikalitoa. Jumatatu ya pili vilevile. Jumatatu ya tatu zilibaki siku mbili maombi yafungwe, nikaliweka tena, nikalitoa tena. Jumatano ikapita. Nililala usingizi mzito usiku ule, sitawadanganya.

Siku kumi baadaye, Jumamosi, wazee wetu walikaa kupanga tarehe ya harusi.

*

Mama yangu ni mkunga mstaafu. Sebule yake ina usafi wa wodi. Hata mito ya makochi imesimama wima. Mjomba alikuwa ameshika kiti cha karibu na sahani ya biskuti. Shangazi wa Taratibu alikaa mkabala naye, mkoba mapajani, miwani puani. Saa tisa ilikuwa imepita, bwana harusi hajafika, na Taratibu si mtu wa kuchelewa.

"Tuanze tu," Shangazi alisema. "Siku hazitungoji. Wengine hapa siku zao ni chache kuliko za wenzao."

"Nani huyo, dada yangu?" Mama aliuliza, tabasamu lipo ila macho hayamo. "Mimi nimezalisha watoto elfu na zaidi. Kuna niliowazalisha wakiwa na miaka arobaini na mitatu, wakainuka wakaenda kupika."

"Mimi nimesema siku tu. Umri umeutaja wewe."

"Chai ni nzuri sana hii," Mjomba akadakia. Kazi yake katika ukoo ni kuzima moto kwa mdomo uliojaa.

Mlango ukagongwa. Nikasimama mwenyewe kufungua. Alikuwa Taratibu, shati jeupe nililomchagulia mimi, na bahasha ya kaki mkononi. Nikamtabasamia. Alinitazama. Jamani, nimetazamwa na yule mtu mara nyingi, najua macho yake yalivyo akiwa amechoka, akiwa na njaa, akiwa ananitaka. Haya sikuyajua. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha mlangoni.

"Karibu baba," Mama aliita. "Tulishaanza kukutafutia sababu."

"Samahani, Mama. Samahani, Mjomba. Shikamoo zenu." Akapita. Nafasi iliyokuwa kando yangu hakuikalia. Akasimama nyuma ya kiti cha shangazi yake.

"Kaa basi," nikasema.

"Nitasimama, Mhariri."

Mhariri. Ofisi nzima inaniita hivyo, lakini yeye huongeza "wangu" kila mara, hata mbele ya mkurugenzi. Siku ile neno lile dogo halikuwepo.

"Wazazi wangu," alisema, "naomba ruhusa. Kabla hatujataja tarehe, Mhariri atusomee kitu kimoja. Yeye ndiye msomaji wetu."

Akaitoa karatasi kwenye bahasha, akanipa. Hakuitupa. Aliitoa kwa vidole viwili, polepole, kama anavyotoa zile kuukuu. Nikaitazama, na nikaijua kabla sijasoma hata neno.

Lazima niwaeleze jambo hapa. Kitengo chetu hakitupi kitu. Ndiyo dini yetu. Ukiandika sentensi kwenye kompyuta zetu na ukaifuta, mashine inaitunza ile uliyoifuta, pamoja na jina lako, siku na dakika. Mimi ndiye ninayewafundisha hilo wafanyakazi wapya. Nawaambia, "Hapa hakuna kinachopotea, hata aibu yenu." Na kila mwisho wa mwezi Taratibu ndiye anayetoa nakala za kila kitu, jarida langu likiwemo, na kuzihifadhi. Mwizi gani mjinga anaiba kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe ameweka walinzi? Mimi.

"Tuzungumze nje," nikamnong'oneza. "Nakuomba."

"Soma."

"Hapa hapana."

"Hapa ndipo. Hawa ndio waliokuja kutuunganisha. Soma tu, si uliandika mwenyewe?"

"Kuna nini?" Mama aliuliza.

Nikasoma. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayesomeshwa kwa nguvu. Mafunzo ya miaka miwili. Gharama zote. Shahada haihitajiki. Nilipofika kwenye umri niliishia hapo.

"Mbona umenyamaza? Umri ni upi?" Taratibu aliuliza.

"Usiozidi miaka thelathini na mitano."

"Na mwisho wa maombi?"

Nikaitaja ile Jumatano.

Mama alipiga makofi. Masikini mama yangu, alidhani ni zawadi. "Lakini hili ni jambo jema! Baba, hii si kazi yako kabisa? Umepata?"

"Sikuomba, Mama. Halikutangazwa. Endelea, Mhariri. Yale maandishi madogo ya chini."

"Taratibu, tafadhali."

"Taratibu ndiyo hii. Soma."

Nikasoma. "Jumatatu ya kwanza. Limeongezwa na Mhariri, saa mbili na dakika arobaini na moja. Limeondolewa na Mhariri, saa mbili na dakika hamsini." Nikapumua. "Jumatatu ya pili. Limeongezwa na Mhariri. Limeondolewa na Mhariri." Machozi yalishaanza kunizibia herufi. "Jumatatu ya tatu. Limeongezwa. Limeondolewa."

Mjomba aliirudisha biskuti sahanini.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Shangazi. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akaivaa tena, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshinda kesi. "Za mwizi arobaini," alisema. "Zako hata arobaini hazikufika. Nilikwambia mimi, mwanangu. Nilikwambia huyu mwanamke miaka yake imemwishia, sasa anakula yako."

"Shangazi, usiseme," Taratibu alimwambia.

"Nisiseme? Mtoto nimemlea kwa kushona viraka vya watu, mlango unamfungukia mara moja maishani, anakuja mtu anaufunga kwa kidole!"

"Mwanangu hakuiba!" Mama alisimama. "Alipenda. Mwanamke akipenda anafanya ujinga, na wewe unajua, ulishakuwa msichana hata kama ni zamani."

"Mama, nakuomba usimtetee kabla hujasikia yote," Taratibu alisema kwa upole, na ule upole ulinitisha kuliko kama angepiga kelele.

Nikamwendea. Nilimshika mkono wa shati mbele ya wazee wote, sikujali. "Niliogopa," nikasema. "Unajua nilikotoka. Nilikwambia yote, nilikusimulia ukalia na wewe. Miaka minne nimekaa namngoja mtu, nimeijua harusi yake kwenye tangazo! Nilijua na wewe utakwenda."

"Ulijuaje?"

"Kila mtu angekwenda! Nani angeacha nafasi kama ile?"

"Nimekuuliza kuhusu mimi. Mimi ulinijuaje?"

Akautoa mkono wangu kwenye shati lake, kidole kimoja kimoja, akachukua simu mfukoni, akatafuta, akanipa.

"Na hii usome."

Ilikuwa barua pepe. Mwalimu wake wa zamani alikuwa amemtumia tangazo lile lile, na chini yake amemwandikia, "Kijana, hii wameiandika kwa ajili yako. Usilale." Jibu la Taratibu lilikuwa na maneno manne. Nililisoma kwa sauti kabla hajaniambia, sijui kwa nini, labda mdomo ulishazoea kuamriwa.

"Siendi, Mwalimu wangu. Ninaoa."

"Tarehe," alisema.

Ilikuwa Jumapili. Jumapili ya kuamkia ile Jumatatu ya kwanza.

Shangazi alimgeukia mpwa wake, na nikaona kwamba naye hilo hakulijua, na limemchoma.

"Ulikuwa umeshakataa," nikasema.

"Nilikuwa nimeshakataa. Kabla hujaligusa. Sikukwambia kwa sababu nilipanga nikufurahishe. Nilijua litafika mezani kwako. Nikasema, ataliona, ataruka kwenye kiti, atakuja mbio chumba cha kamera kuniambia, labda analia, labda anacheka. Nami nimwoneshe hii." Akaichukua simu yake. "Jumatatu ile nilifika kazini saa moja na nusu. Nilikaa na jarida lako mbele yangu kama mtoto anayengoja sikukuu. Likaja. Tangazo halimo. Nikasema bado hajalipata."

"Basi, Taratibu. Inatosha."

"Jumatatu ya pili nilikuletea chai mezani. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mungu wangu, nilikumbuka.

"Nikakuuliza, Mhariri wangu, wiki hii kuna nafasi gani nzuri? Ukasema nini?"

"Nilisema hakuna."

"Ulisema hakuna, na ukanipangusa vumbi begani. Ulinitazama machoni ukanipangusa vumbi." Hapo ndipo sauti yake ilipopasuka. "Hata hapo nilikutetea! Nikajiambia amechoka, barua ni nyingi, limempita. Mpaka jana natoa nakala. Mara tatu! Mara moja ningesema shetani alikupitia. Mara tatu ulikaa, ukafikiri, ukanipima, ukaona mimi ni wa kufungiwa."

Na mimi, nisikilizeni nilivyofanya, maana hii ndiyo sehemu inayoniamsha usingizini. Badala ya kupiga magoti, niliona upenyo. Nikakimbilia upenyo.

"Basi hatujapoteza kitu!" nikasema. "Ulikuwa huendi, na hukwenda. Tumefika palepale. Hakuna aliyeumia, Taratibu. Tusahau, tutaje tarehe."

Nadhani ni hapo aliponiacha. Yaliyofuata yalikuwa maneno tu.

"Hakuna aliyeumia," akarudia. "Jarida linakwenda kwa watu wangapi?"

"Mia nne na thelathini."

"Umewanyima wote ili uninyime mimi nisichokitaka. Yule dada wa kanda, anayekaa hatua sita kutoka mezani kwako, ana shahada?"

Dada wa kanda ndiye anayezisikiliza zile nyimbo za kale na kuziandika neno kwa neno. Ana miaka ishirini na sita na mtoto mmoja. Wakati kanda zimekwisha humsaidia Taratibu kupiga picha, na Taratibu mwenyewe humsifu kwamba ana mkono wa kazi hiyo.

"Hana," nikasema.

"Kila Jumatatu anaanza kusoma nini?"

"Nafasi."

"Anaruka habari zote, anakwenda kwenye nafasi. Yeye alikuwa anaitaka. Umemwambia?"

"Wewe umemwambia?"

"Mimi nililiamini jarida lako mpaka muda ukapita. Utamwambia wewe."

Mjomba akakohoa. "Wanangu, hakuna lisilozungumzika. Tukae chini, tunywe hii chai, hasira ni hasara..."

"Mjomba, nakuheshimu," Taratibu alisema, "ila sina hasira. Ningekuwa nazo ningekuja hapa mapema. Nimechelewa kwa sababu nilikaa nje ya duka la kona saa nzima natafuta namna ya kuja bila bahasha hii."

"Kwa hiyo humpendi tena?" Mama aliuliza. Aliuliza kama mkunga, moja kwa moja, mahali penyewe panapouma.

"Nampenda, Mama." Alisema bila kunitazama. "Angekuwa amenizidi miaka kumi ningemwoa. Angekuwa hazai ningemwoa. Lakini nikiishi naye, kila asubuhi nitakuwa naamka natafuta leo ameondoa nini. Siwezi. Mnisamehe."

Akaichukua bahasha yake tupu. Ile karatasi aliniachia mkononi. Akainama kuwaaga wazee, mmoja mmoja, kwa heshima zote, na akatoka. Nilimfuata hadi barazani.

"Nipige," nikamwambia. "Nitukane. Fanya chochote, usiondoke hivi hivi."

"Mhariri," alijibu, "rudi ndani. Wageni wako hawajamaliza chai."

Akashuka ngazi. Hakugeuka. Nilimngojea ageuke hadi alipokata kona, kisha nikangoja tena.

Niliporudi, Shangazi alikuwa amesimama na mkoba wake begani. Nilitarajia matusi. Aliponifikia alinipima tena kwa macho, toka bega hadi kifundo, safari hii bila haraka.

"Gauni lako nilishalikata," alisema. "Nilikuwa natia lesi ya mikono. Nilikuwa nimeamua kukuzoea, ujue. Nitalifumua. Kitambaa ni kizuri, kitapata mtu."

Mjomba akamsindikiza, akashukuru kupata sababu ya kutoka.

Tukabaki wawili. Nikamwangukia Mama mapajani, nikalia hadi nikakwama pumzi. Alinipapasa mgongo, kwa mpangilio, kama anavyowapapasa wenye uchungu. Nikasema, "Wote wananiacha, Mama. Wote."

Mkono wake ukasimama.

"Nilikutetea kwa sababu palikuwa na wageni," alisema. "Sasa wameondoka. Inuka nikwambie. Yule wa kwanza alikuacha. Huyu umemfukuza mwenyewe. Usiwachanganye, maana ukiwachanganya utamfukuza na wa tatu. Sasa nenda kanawe uso."

*

Jumatatu nilifika kazini saa moja. Mlango wa chumba cha kamera ulikuwa umefungwa na taa nyekundu ya kukataza watu kuingia inawaka, kwa hiyo alikuwemo. Nikapita. Dada wa kanda alikuwa ameshakaa, vipokea sauti masikioni, anaandika huku anatikisa kichwa kwa wimbo wa watu ambao hata makaburi yao hayajulikani. Nikamgusa bega. Akavua kipokea sauti kimoja.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, sikujificha popote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jumatano ipi, dada?" akauliza.

"Imeshapita. Leo siku ya kumi na mbili."

"Na hawakutaka shahada?"

"Hawakutaka."

Alitazama kioo cha kompyuta yake. Ule wimbo ulikuwa bado unasikika kwa mbali kutoka kwenye kile kipokea sauti alichokishika mkononi.

"Sawa, dada," alisema. Akakivaa, akarudisha wimbo nyuma mahali alipoachia, akaendelea kuandika. Sikuwahi kuombwa kuondoka kwa adabu kama ile.

Nilirudi mezani nikaandika jarida. Juu kabisa, kabla ya warsha na kabla ya barua mpya, niliweka masahihisho. Niliandika kwamba nafasi ifuatayo ilifika ofisini kwa wakati na haikutangazwa, kwamba muda wake umepita, kwamba kosa si la mashine wala la maktaba bali la mhariri, na kwamba mhariri alijua. Nikaliweka tangazo zima, mistari yote kumi na miwili. Nililisoma. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kuondoa, kwa mazoea, nikakirudisha. Saa tatu kamili nikatuma.

Saa tatu na dakika nne mkurugenzi akaandika, "Njoo ofisini kwangu saa tano." Saa tatu na dakika tisa mtu nisiyemjua akaniuliza kama nina haya. Nikamjibu kwamba ninayo. Wengine wengi wakaandika, na kila barua niliifungua kwa pupa nikitafuta jina moja. Kutoka pale nilipokaa niliweza kuuona mlango wa chumba cha kamera. Ile taa nyekundu haikuzimika. Nilijua amelisoma, maana kila Jumatatu hulisoma kabla hajagusa karatasi yoyote, na nikajidanganya, moyo haukomi, nikajidanganya kwamba akiona nimeandika "mhariri alijua" atafungua mlango.

Saa tatu na dakika ishirini na mbili mashine ikaniletea ujumbe wake. Ni ujumbe unaojiandika wenyewe, hauna salamu.

"Mpokeaji mmoja amejiondoa kwenye orodha ya Habari na Nafasi."

Chini yake kulikuwa na anwani yake. Chini ya anwani, mashine huuliza sababu, na kuna vijisanduku vitano vya kuchagua. Hakuchagua kile cha "barua ni nyingi mno". Hakuchagua "nilijiunga kwa makosa". Alikuwa ameweka alama kwenye cha nne.

"Habari hizi hazinihusu tena."

Nilitafuta mahali pa kumjibu. Hapakuwepo, maana mtu akishajiondoa, mashine hairuhusu mhariri kumwandikia. Palikuwa na kitufe cha "Sawa" peke yake. Nikakibonyeza.